Mbegu ina kwao: niliyojifunza katika misitu ya kaskazini mwa Uswidi

Mbegu ya mti ina kwao. Hilo ndilo jambo ambalo miaka niliyoishi Umeå, kaskazini mwa Uswidi, ilinifundisha kuliko mengine yote, na la pili yake, ambalo ni zito zaidi, ni kwamba kwao huko sasa kunahama ilhali mti wenyewe umesimama palepale. Nilikuwa nimesomea misitu Morogoro na kufanya kazi kwa muda katika mashamba ya paini ya Nyanda za Juu Kusini. Nilikwenda Umeå kusoma jenetiki ya miti ya koni, yaani jinsi miti ya aina moja inavyotofautiana kwa urithi na jinsi tofauti hizo zinavyoisaidia kuishi na hali ya hewa ya mahali ilipo.

Misitu ya huko ni sehemu ya taiga, ukanda unaoizunguka dunia kuanzia Norwe hadi Siberia, kisha Alaska na Kanada. Aina za miti ni chache mno kwa macho ya mtu aliyezoea misitu ya Uluguru au Udzungwa. Nchini Uswidi, karibu asilimia 80 ya ujazo wote wa miti iliyosimama ni ya aina mbili tu: msprusi, ambao kisayansi huitwa Picea abies, na paini ya kienyeji, Pinus sylvestris. Mgeni anaweza kutembea siku nzima akadhani anauona mti mmoja uliorudiwa mara elfu, kumbe utajiri wa msitu ule umo ndani ya aina hizo mbili, mahali ambapo jicho haliufikii kwa urahisi.

Mtu aliyekulia karibu na ikweta hana sababu ya kuufikiria urefu wa usiku. Mufindi, tofauti kati ya siku ndefu kuliko zote na siku fupi kuliko zote ni kama saa moja. Umeå, mwezi wa Juni, jua huchomoza baada ya saa 8 za usiku na kuzama karibu na saa 5 usiku, na hata likishazama hakuingii giza kamili. Mwezi wa Desemba mwanga wa jua hudumu saa 4 na nusu hivi. Kuanzia Agosti usiku huongezeka kwa takriban dakika 6 kila siku, na mabadiliko hayo hayategemei kama mwaka ni wa joto au wa baridi. Kwa mti unaotaka kujua majira ya baridi yatafika lini, urefu wa usiku ni kalenda ya kuaminika kuliko joto la hewa, ambalo laweza kudanganya.

Nililiona jambo hilo kwa karibu katika shamba la majaribio nilikopewa kazi ya kukagua miche ya msprusi. Mbegu zake zilikuwa zimekusanywa sehemu mbalimbali, kutoka karibu na Mzingo wa Aktiki hadi kusini kabisa mwa nchi, zikaoteshwa kwa pamoja na miche ikapandwa mistari kwa mistari kwenye udongo mmoja. Katikati ya Agosti, mstari uliotoka kaskazini ulikuwa umekwisha kufunga: kwenye ncha ya kila kitawi palikuwa na tumba dogo la rangi ya kahawia, lililofunikwa magamba makavu yaliyobana, lenye kukwaruza kidogo ukilipitishia kidole. Mstari wa jirani yake, uliotoka kusini, ulikuwa bado unakua. Ncha zake zilikuwa laini, za kijani kibichi chenye maji, zikijipinda mkononi bila kuvunjika. Miche hiyo ilikuwa mirefu zaidi, na mtu yeyote anayepima ubora kwa rula angeichagua bila kusita. Theluji ilipoyeyuka mwaka uliofuata, mingi ya mstari huo ilikuwa na ncha zilizokauka na kuwa nyekundu-kahawia, na baadhi ilikuwa imechipuza vishina viwili au vitatu mahali ambapo kimoja kilikuwa kimekufa.

Miche ile yote ilikuwa ikiusoma usiku uleule. Majani yana protini iitwayo fitokromu, inayopokea mwanga na kuuwezesha mti kupima giza linadumu kwa muda gani, na zipo jeni, mojawapo ikiitwa FTL2, ambazo utendaji wake hubadilika usiku unaporefuka na kuufanya mti usimamishe ukuaji. Tofauti iko kwenye kiwango. Msprusi wa kaskazini hufunga tumba mara tu usiku unapofikia saa chache, wakati ule wa kusini mwa Ulaya husubiri usiku ulio mrefu zaidi kwa saa kadhaa. Kila mmoja umerithi kiwango kinacholingana na mahali mababu zake walipoishi. Ukiuhamishia mbali kaskazini, kalenda yake huchelewa. Ukiuhamishia mbali kusini, hufunga mapema na kupoteza wiki nzuri za kukua.

Waswidi walilijua jambo hili kwa gharama. Mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20 waliagiza mbegu za paini kutoka Ujerumani kwa sababu zilipatikana kwa wingi na kwa bei nafuu, na mashamba yaliyotokana nazo yakawa mabovu, yenye miti iliyopinda na iliyougua. Mwaka 1936 mtafiti Olof Langlet alichapisha matokeo ya kupima miche ya paini kutoka zaidi ya sehemu 500 za Uswidi, akaonyesha kwamba sifa zake hubadilika kidogo kidogo kufuata latitudo na majira, pasipo mpaka mahali popote ambapo unaweza kusema aina hii imekwisha na nyingine imeanza. Katika miaka ya 1950 Vladimir Eiche alipanda majaribio mengi ya paini kaskazini mwa nchi, na taarifa yake ya mwaka 1966 ilieleza jinsi baridi ilivyoua miti kadiri mbegu zilivyotolewa kusini zaidi ya shamba. Ndiyo maana, kwa miongo mingi, ushauri kwa maeneo magumu ya kaskazini ulikuwa kutumia mbegu za paini zilizotoka kaskazini zaidi ya mahali pa kupanda: unapoteza sehemu ya ukuaji, unanunua uhai.

Kazi iliyonikaa moyoni kuliko zote ilikuwa ya maabara. Tulikata sindano za miche kuwa vipande vifupi, tukavitia kwenye vijibomba vya kioo pamoja na maji kidogo yaliyosafishwa, kisha tukavipeleka kwenye jokofu linaloshusha joto hatua kwa hatua, tukiondoa vijibomba vichache katika kila kiwango. Vikishayeyuka, tulipima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Seli iliyopasuliwa na barafu humwaga chumvi zake, kwa hiyo kadiri umeme unavyopita kwa urahisi ndivyo jeraha lilivyo kubwa. Mwanzoni mwa Septemba sindano za miche ya kusini ziliumia katika baridi ambayo zile za kaskazini hazikuihisi. Miezi michache baadaye, katikati ya majira ya baridi, zote zilistahimili nyuzi 30 chini ya sifuri. Hapo nilielewa kwamba msprusi kwa kawaida hauuawi na ukali wa baridi yenyewe. Hatari iko kwenye wiki chache za mpito, wakati mti haujamaliza kujifunga au umekwisha kujifungua.

Na kufungua kuna utaratibu wake mwingine. Majira ya kuchipua yanapokuja, mti ambao umekwisha kupata baridi ya kutosha huacha kutazama usiku na kuanza kukusanya joto, siku baada ya siku, hadi jumla fulani itimie ndipo matumba yapasuke. Hapa ndipo mabadiliko ya tabianchi yanapouchanganya. Joto likija mapema, matumba hupasuka mapema, lakini usiku wa jalidi, yaani baridi ya kugandisha umande, mwezi wa Mei na hata Juni haujaondoka, na machipukizi mapya ya msprusi, laini kama mboga, huungua kwa usiku mmoja. Kusini mwa Uswidi wamekuwa wakitumia mbegu za msprusi kutoka Belarusi kwa sababu hiyo hasa: miti ya huko huchelewa kupasua matumba na hivyo hulikwepa jalidi. Upande wa pili wa mwaka, vuli yao imekuwa ya joto zaidi na ingeruhusu ukuaji, lakini usiku wa Agosti una urefu uleule wa siku zote, na mti wa kienyeji hufunga tumba kwa tarehe ya mababu zake. Mti uliokuwa umepatana barabara na mahali pake unaanza kuachwa nyuma na mahali hapo.

Swali lililonishughulisha tangu hapo ni hili: je, ndani ya msitu wenyewe kuna akiba ya kutosha ya tofauti ili uweze kufuata mabadiliko hayo? Jibu la kwanza linatia moyo sana. Chavua ya miti ya koni husafirishwa na upepo kwa umbali mkubwa, na kwa karne nyingi imekuwa ikichanganya jeni za msitu mmoja na mwingine. Ukilinganisha alama za jeni za paini au msprusi kutoka misitu iliyo mbalimbali, sehemu kubwa mno ya tofauti zote utaikuta ndani ya msitu mmoja, na asilimia chache tu ndizo zinazotenganisha msitu na msitu. Hata hivyo tarehe ya kufunga tumba inatofautiana sana kati ya kaskazini na kusini. Mambo haya mawili hayapingani. Sifa kama hiyo huongozwa na jeni nyingi, kila moja ikiongeza au kupunguza kidogo, na kinachobadilika kutoka kusini kwenda kaskazini ni uwiano wa jeni hizo katika kundi zima. Kwa hiyo katika msitu wowote wa kaskazini mmo miti inayofunga mapema na miti inayochelewa, na katika miche itokanayo na koni za mti mmoja utakuta kaka na dada waliopishana kwa siku kadhaa.

Kuzisoma jeni zenyewe si kazi nyepesi. Mwaka 2013 watafiti wa Umeå na wenzao walichapisha jenomu ya msprusi, yaani mfuatano wote wa herufi za urithi wake, yenye herufi takriban bilioni 20, zaidi ya mara sita ya jenomu ya binadamu, ingawa idadi ya jeni zake, zipatazo 28,000, ni ya kawaida kwa mmea. Sehemu kubwa iliyobaki ni vipande vilivyojirudiarudia kwa mamilioni ya miaka. Sisi tuliokuwa tukipima matumba shambani tulinufaika na kazi hiyo polepole, kwa maana jeni moja moja haielezi mengi, na kipimo cha shambani hakijapata mbadala.

Jibu la pili halitii moyo kiasi hicho. Akiba ya tofauti huwa na faida ikiwa kuna chujio. Katika msitu unaojiotea wenyewe, hekta moja inaweza kuwa na makumi ya maelfu ya miche, na jalidi, kuvu, ukame na kivuli huiondoa mmoja mmoja hadi ibaki elfu moja au mbili. Miche inayokufa ndiyo gharama ya msitu kujirekebisha. Katika msitu wa kupandwa, hekta hupewa miche 2,000 hadi 2,500, na karibu yote inatarajiwa kuishi. Zaidi ya hayo, miche hiyo imelelewa. Katika kitalu kimoja nilichotembelea mwezi wa Julai, mapazia meusi yalivutwa juu ya vitanda vya miche mchana, ili kuipa usiku mrefu wa kutengenezwa na kuifanya ifunge tumba mapema kabla ya kusafirishwa. Ni ufundi mzuri na unaokoa miche mingi, lakini maana yake ni kwamba hata mche ambao ungechelewa kufunga hupita mtihani wa mwaka wa kwanza bila kufanya mtihani. Naamini wataalamu wa vitalu wanapaswa kuliweka jambo hili mbele zaidi kuliko wanavyofanya.

Mwendo wa wakati nao ni mgumu. Msprusi waweza kuchukua miaka 20 au 30 kabla ya kuzaa koni kwa wingi, na huvunwa ukiwa na miaka 60 hadi 100, na kaskazini zaidi ya hapo. Yeyote anayechagua mbegu leo anachagulia hali mbili za hewa. Mche ni mdogo na uko karibu na ardhi, mahali hewa ya baridi inapotuama, kwa hiyo lazima ustahimili jalidi la miaka hii. Mti uleule ukikomaa utaishi katika joto la mwisho wa karne, pengine na ukame ambao mababu zake hawakuujua. Ukipanda mbegu za kusini kabisa kwa ajili ya mwaka 2090, hazitafika huko. Zitakufa zikiwa na urefu wa goti. Ukipanda za hapohapo pekee, zitaishi lakini zitaacha bila kutumiwa majira yaliyorefuka. Kusini mwa Uswidi walionja sehemu ya mambo yajayo katika ukame wa mwaka 2018, ambao ulidhoofisha misprusi mingi na kufuatiwa na mlipuko wa mende wa magome ulioendelea kwa miaka.

Watafiti wa Norwe, wakiwemo Øystein Johnsen na Tore Skrøppa, waligundua jambo ambalo bado linanishangaza kila nilifikiriapo. Miti mama ya msprusi kutoka kaskazini, au kutoka milimani, ilipobebeshwa, yaani vitawi vyake kuunganishwa kwenye mashina mengine, na kukuzwa mahali penye joto zaidi, watoto wake walifunga tumba kwa kuchelewa, kana kwamba walitokana na mbegu za kusini. Walipochunguza zaidi wakaona kwamba joto ambalo kiinitete hupata wakati mbegu inaundwa ndani ya koni huacha alama ya kudumu katika kalenda ya mti, bila herufi za jeni kubadilika, na athari yake yaweza kufikia tofauti ya digrii 4 hadi 6 za latitudo. Msprusi, kwa hiyo, unarithi kutoka kwa wazazi wake na pia kutoka kwa mwaka ambao mbegu ilikomaa. Sipendi kulitegemea jambo hili kupita kiasi, kwa sababu linarekebisha ratiba ya baridi na si ustahimilivu wa ukame au magonjwa, lakini linaeleza kwa nini kundi moja la mbegu, kutoka mahali palepale, hutenda tofauti kulingana na mwaka lilipokusanywa.

Linagusa pia mashamba ya mbegu, ambayo ndiyo hutoa sehemu kubwa ya miche ya Uswidi. Miti bora huchaguliwa msituni, vikonyo vyake hubebeshwa kwenye mashina, na shamba huwekwa kusini kidogo, kwa kuwa mbegu za paini huko juu kaskazini haziivi vizuri kila mwaka. Upepo huleta chavua kutoka misitu ya jirani, na katika mashamba ya paini uchunguzi umeonyesha mara nyingi kwamba karibu nusu ya mbegu zina baba asiyekuwa shambani. Kwa mkuzaji wa mbegu hiyo ni hasara, kwa maana baba huyo wa kusini hupunguza ustahimilivu wa baridi uliokusudiwa. Mimi naliona pia kwa upande mwingine: shamba la mbegu lenye koo ishirini na kitu, yaani nasaba za miti iliyochaguliwa, ni dogo ukililinganisha na msitu, na chavua ya nje huongeza upana ambao sisi wenyewe tuliupunguza tulipochagua. Nisingetaka tuliachie upepo jukumu hilo. Idadi ya koo katika shamba ni uamuzi wa binadamu, na yafaa iwe kubwa kuliko hesabu ya faida ya kizazi kimoja inavyodai. Ni vyema pia kwamba Norwe na Ufini walianza kuweka mbegu za msprusi na paini katika ghala la mbegu la dunia lililoko Svalbard, visiwa vya Norwe katika Aktiki, mwaka 2015, ingawa mbegu iliyo ghalani haijirekebishi na lolote.

British Columbia, magharibi mwa Kanada, wamekwenda mbali zaidi kisera. Baada ya mende wa paini kushambulia mamilioni ya hekta, wakisaidiwa na majira ya baridi yaliyopungua ukali, walianzisha jaribio kubwa la kuhamisha mbegu, lenye maeneo 48 kuanzia kaskazini mwa California hadi Yukon, lililopandwa kati ya mwaka 2009 na 2012. Tangu mwaka 2018 walianza kugawa mbegu kwa kulinganisha hali ya hewa ya mahali zilipotoka na ile inayotarajiwa mahali pa kupanda, badala ya kufuata mipaka ya ramani ya zamani. Hatua zinazoruhusiwa ni fupi, na huo ndio uangalifu unaonivutia.

Katika mwaka wangu wa mwisho Umeå nilifuatana na mwenzangu kumshauri mama mmoja mwenye msitu wa urithi, ambaye alikuwa amevuna kilima kizima na alitaka kujua apande nini. Skogforsk, taasisi ya utafiti wa misitu ya huko, ina programu ya mtandaoni ambamo mtu huingiza mahali shamba lake lilipo na kupewa asili za mbegu zinazofaa kwa hali ya hewa inayotazamiwa, pamoja na makadirio ya miche itakayoishi na ukuaji wake. Tuliitumia, lakini kilima chake hakikuwa mahali pamoja. Juu, penye upepo na udongo mwembamba, alichagua paini yenye asili ya kaskazini kuliko shamba lake. Kwenye mteremko wa kati, ambako hewa baridi haitulii, alichukua mbegu za shamba lenye koo nyingi, zilizotoka kusini kidogo. Bondeni, jalidi linakotuama, alikuwa amebakiza paini kubwa kadhaa zimwage mbegu zenyewe, na miche ilikwisha kuanza kuota, iliyosongamana kama nyasi. Alitaka kuipunguza mapema ili iliyobaki inenepe. Tulimwomba aiache hadi ipite majira kadhaa ya baridi na majalidi ya Juni, na atakapopunguza, aondoe kwanza iliyoungua ncha badala ya iliyo mifupi. Alitoa daftari, akaandika hilo pamoja na eneo la kila sehemu na namba za mifuko ya mbegu, ili atakayeurithi msitu huo ajue kila mti ulitoka wapi.